Nyota Saba Mbili

Simu iliita saa saba mchana, na kwenye kioo chake kidogo hapakuwa na namba ya mtu. Palikuwa na alama ya nyota, moja tu, imekaa katikati kama inzi.

Wanjira aliitazama akashangaa. Yeye ndiye aliyezifunga simu zote za ghorofa ile ya Westlands, kwa hivyo alijua vizuri kwamba simu ya intaneti haionyeshi nyota peke yake. Lazima iandamane na namba. Akainua. Hakusikia mtu. Alisikia upepo mwembamba, kisha pua yake ikajaa harufu ya udi uliochanganyika na nywele zilizoungua, halafu sauti ya mwanamke ikasema polepole, "Napokea."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Akarudisha simu chini akacheka, maana fundi akiogopa kazi yake atakula nini? Akajiambia ni rekodi ya majaribio imejirudia. Na ile harufu? Labda kuna mtu amechoma kitu kule chini. Jamani, mtu aliyekaa miaka bila kupendwa, akipendwa ghafla, akili yake hulala fofofo. Wanjira alikuwa amependwa ghafla, ndiyo maana hakutaka kufikiri.

Ofisi ile ilikuwa ya dada yake mkubwa, Debra. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu wengine: zahanati, hoteli, maduka ya vifaa. Mteja akipiga zahanati, simu inapokelewa na msichana wa Debra aliyevaa hedfoni, anaongea kana kwamba yuko pale pale kwa daktari. Biashara ilikuwa imepaa kwa muda mfupi, watu wakabaki wakiulizana. Debra alimjengea mama yao nyumba ya mawe kule Dagoretti, yenye geti jeusi na tangi la maji. Mama mwenyewe mtaa mzima ulimwita Mama Debra. Hakuna aliyewahi kumwita Mama Wanjira, hata kwa kukosea.

Tangu apate pesa, Debra hakuwahi kumwalika mdogo wake hata kwa chai. Kisha siku moja akapiga.

"Wanjira, si wewe ndio fundi wa hizi masimu? Kuja unifanyie kazi. Sitaki mtu wa nje."

Sitaki mtu wa nje! Wanjira aliyabeba maneno hayo kutwa nzima kama mtoto aliyepewa peremende.

Alipofika alimkuta Debra amekonda, macho yameingia ndani, kichwa amekifunga leso. "Ni presha tu," Debra akasema. Wanjira hakuuliza zaidi. Akafungua kompyuta, akaanza.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Ndani ya mtambo wa simu za intaneti kuna sheria zinazouambia kila kinachobonyezwa kiende wapi. Mtu akianza na sifuri, mtoe nje. Akianza na nyota, ujue hapigi simu, anatoa amri. Nyota saba mbili ni amri ya kuhamisha: ukiibonyeza ukafuatisha namba ya mwenzako, kuanzia hapo kila simu inayokujia wewe inakwenda kwake. Nyota saba tatu inaifuta. Shida ni kwamba simu za mezani zina kiburi, zikiona nyota zinadhani zimeambiwa zenyewe, zinaimeza amri isifike kwa mtambo. Wanjira alipoteza asubuhi nzima akizifundisha adabu, moja baada ya nyingine.

Debra alikuwa na sharti lake.

"Yule anayehamishiwa asipokee tu hivi hivi," alisema. "Nataka aambiwe simu imetoka kwa nani. Ataje jina lake, aseme napokea. Asiposema, isiende."

"Ya nini hiyo yote, Debi? Watu watachoka."

"Fanya tu, dada yangu. Nataka kazi ya heshima."

Akafanya. Ilipofika saa ya kujaribu, Debra alitaka ijaribiwe kwenye simu yake mwenyewe, saa saba, mlango ukiwa umefungwa. Alibonyeza kwa kidole chake: nyota, saba, mbili, kisha namba ya mdogo wake. Simu ya Wanjira ikalia mkobani. Akaiweka sikioni akiwa anatabasamu, mtambo ukamwambia: "Una simu iliyohamishwa na Debra. Taja jina lako, kisha useme, napokea."

"Wanjira. Napokea."

"Sema yote," Debra akanong'ona. "Ile ya nyumbani."

"Ai, Debi, ni majaribio tu!"

"Tafadhali."

"Wanjira wa Nyakio. Napokea."

Nyakio ni mama yao. Debra alimkumbatia akalia mpaka bega la blauzi ya Wanjira likalowa. Wanjira naye akalia. Alidhani wamepatana.

Kesho yake ndipo ile nyota ikaanza kupiga.

Watu husema majini hungoja giza. Waulize wazee wa pwani: jua likisimama utosini, kivuli kikiwa chini ya nyayo, ndiyo saa yao nyingine. Ikawa kila siku saa saba simu ya meza yake inalia. Alipekua kumbukumbu za mtambo, hakuona dalili ya simu yoyote kuingia. Alizisoma sheria mstari kwa mstari, akaandika mpya inayokataa kila kisicho na namba. Ikalia. Aliuchomoa waya, akaushika mkononi, na simu iliyokufa ikalia mbele yake huku taa yake nyekundu ikiwaka. Siku aliyokaa nyumbani kwake, chumba cha kupanga karibu na soko la Dagoretti, ile nyota ilimfuata kwenye simu ya mkononi, akiwa amesimama mbele ya mama wa mboga. Safari hii kulikuwa na mtu ndani yake, mzee, anayevuta pumzi kama anayepanda ngazi, akamwambia kwa utaratibu kabisa, "Wanjira, nafasi ni nzuri. Mimi nishaingia."

Alimtafuta Debra amweleze. Debra alikuwa amenenepa mashavu, leso ameitupa, kicheko chake kinasikika hadi kwenye lifti. Lakini kila Wanjira akibisha, Debra yuko mkutanoni. Akimpigia, Debra atampigia baadaye. Baadaye yenyewe haikufika.

Aliyemfumbua macho ni Mwendwa, mwanamume wa makamo aliyekaa mapokezi. Alimvuta hadi kwenye ngazi, akahakikisha hakuna mtu juu wala chini.

"Fundi, nikuulize kitu na usikasirike?"

"Uliza."

"Wewe huwa unaenda wapi saa ya lanchi?"

"Kula. Kwani?"

"Jana ulikula nini?"

Wanjira akajaribu kukumbuka. Alikumbuka simu kulia. Alikumbuka akifunga kompyuta jioni. Katikati palikuwa peupe.

"Ulikuwa stoo," Mwendwa akasema, sauti imeshuka kabisa. "Umejifungia. Ulikuwa unaongea Kiswahili ya pwani, ile ya ndani kabisa, na haikuwa sauti yako, fundi. Ilikuwa ya mzee. Alikuwa anacheka."

"Na hukunigongea? Hukuniita?"

"Nikuite? Mimi? Aki mama yangu hakuzaa mjinga." Akajifuta jasho. "Juzi ulitoka saa nane. Jana ukatoka saa tisa. Na si wewe wa kwanza. Madam alikuwa hivyo hivyo, mwaka mzima. Saa saba ikigonga anafunga mlango, na sisi wote tunaongeza sauti ya redio. Unajua alipona lini?"

"Lini?"

"Ile siku mlikumbatiana."

Wanjira alikaa kwenye ngazi pale pale. Alikumbuka yale machozi begani, na alichosikia kwanza hakikuwa woga. Ilikuwa aibu, aibu ya mtu aliyechezewa akapiga makofi.

Mwendwa alikuwa na jirani wa Kipwani, na jirani huyo ndiye aliyewaelekeza kwa Mwalimu Idarus, mtu wa Lamu anayefundisha watoto Kurani katikati ya jiji, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vitambaa. Wanjira, Mpresbiteria wa kuzaliwa, alivua viatu mlangoni akisema moyoni kwamba Mungu atamwelewa. Waliketi mkekani. Chini, wachuuzi walikuwa wakipigia kelele soksi na chaja, jua linawaka dirishani, na Mwalimu akaanza kusoma kwa sauti ya chini, akiwa ameshika bilauri ya maji. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imepita kitambo. Wanjira alisikia simu ikilia mkobani, akasikia ile harufu ikipanda kutoka kifuani mwake yeye mwenyewe, kutoka ndani, kana kwamba kuna chetezo kimewashwa chini ya mbavu zake, akataka kusema Mwalimu nishike, naenda, nishike, na ulimi wake ukageuka mdomoni kama ulimi wa mtu mwingine anayejaribu nyumba mpya, na chumba chote kikarudi nyuma, mkeka, dirisha, uso wa Mwendwa, vyote vikarudi nyuma mpaka vikawa vidogo.

Alipozinduka vivuli vilikuwa virefu. Mwendwa alikuwa amejibanza kwenye kona. Mwalimu Idarus alikuwa amelowa jasho.

"Nimesema naye," Mwalimu akasema.

"Anataka nini?"

"Hataki kitu. Asema amekaribishwa." Akanywa maji. "Huyu ni katika wale wa kununuliwa, mwanangu, wale wa kuleta mali. Huleta mali kwa mwenyewe, na yeye hutaka kiti, mwili wa kukalia. Dadako amenunua mali, kiti kikamshinda. Sasa sikiliza. Jini wa namna hii hanyang'anyi. Hupewa, tena kwa vitu vitatu: mkono wa anayemwachia, kauli ya anayempokea, na idhini ya yule aliyempa mpokeaji jina. Mkono ni wa dadako. Kauli ni yako. Idhini je?"

"Jina nilitaja mwenyewe."

"Kujitaja si idhini. Jina ulipewa na nani?"

"Na mama. Hapana, Mwalimu. Mama hajui mambo haya."

Mwalimu Idarus aliangalia mkeka. "Jini amjua kwa jina. Asema Nyakio alikuja ofisini, akaketi, akanywa na chai, akasema, mchukue Wanjira."

Mwendwa akasema, "Yesu wangu."

"Dawa yake ni nyepesi," Mwalimu akaendelea upesi, maana aliona uso wa Wanjira. "Mamako aje hapa mbele yangu, aseme, simtoi mwanangu. Basi. Jini nitamtoa, na hatarudi kwako, wala kwa dadako, wala kwa yeyote."

"Na asipokuja?"

"Amekuchukua adhuhuri hadi alasiri. Ataongeza mpaka magharibi, kisha mpaka alfajiri, na hapo hutakuwa na saa hata moja iliyo yako. Na kitu kimoja, mwanangu. Usije ukamhamishia mtu. Mimi huwatoa, siwahamishi. Mwenye kuhamisha naye huwa kama wao."

Asubuhi ya pili Wanjira alifungua geti jeusi. Mama alikuwa sebuleni akikunja nguo za wajukuu, watoto wa Debra. Alipomwona akasimama kwenda kumchemshia chai, na Wanjira akamwambia akae.

Alimweleza yote. Mama hakushtuka hata mara moja. Hapo ndipo moyo wa Wanjira ulipopasuka, kabla hata mama hajafungua mdomo.

"Kwa hivyo ulijua."

"Debra alikuwa anakufa. Ungemwona. Nywele zilikuwa zinatoka kwa mkono hivi."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mgumu, Wanjira. Tangu utotoni wewe ni mgumu. Nilijua utavumilia."

"Mama, sijakuja kugombana. Inatoka kwetu sote. Hakuna mtu atakufa, si mimi, si Debra. Tunaenda tu town, unasema neno moja, tunarudi nyumbani. Nakuomba."

Akapiga magoti kwenye zulia. Mama akaendelea kukunja suruali ndogo, akailaza juu ya nyingine. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na ikienda, itaenda na nini?"

Wanjira hakumwelewa mara moja. Akafuata macho ya mama: ukuta wa mawe, televisheni, dirisha, tangi la maji nje, geti. Akamwelewa.

"Debra ana watoto wa kusomesha," mama akasema. "Mimi niko kwa nyumba yake. Wafanyakazi wote wale wanamtegemea. Wewe unategemewa na nani?"

Loo! Kuna maneno mzazi akiyasema, heri angempiga mtu kofi. Wanjira hakulia. Alikaa pale chini akiangalia viatu vya mama, viatu vizuri vya ngozi, na akahisi mwili wake wote umepoa.

Mama akainama akamshika mkono. Labda alimhurumia, sijui. "Maitu," akasema. "Nielewe, Maitu."

Sasa, kwa Wakikuyu, binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, na hilo si jina tu. Ni bibi mwenyewe amerudi. Mama mzazi humwita binti huyo Maitu, yaani mama yangu, na humwambia hata kwa utani, wewe ndiye uliyenizaa, wewe ndiye uliyeniita Nyakio. Wanjira aliisikia tangu anyonye, na kamwe hakuwahi kuifikiria.

"Rudia," akasema.

"Nini?"

"Ulivyoniita."

"Maitu," mama akarudia.

"Sawa." Wanjira akautoa mkono wake, akasimama, akaondoka.

Alifika Westlands saa saba ikikaribia. Alipitiliza moja kwa moja hadi ofisini kwa Debra bila kubisha, na Debra, alipomwona, aliruka kutoka kitini akajibanza ukutani.

"Usibonyeze saba tatu! Wanjira, nakuomba. Usinirudishie, aki, nina watoto!"

"Sibonyezi saba tatu."

Aliketi kwenye kiti cha Debra. Akaingia kwenye mtambo kwa namba yake mwenyewe. Kwa mkono wake, nyota, saba, mbili, kisha namba ya mama. Akaiweka kwenye spika. Simu iliita, ikaita, ikapokelewa, kisha ikakatwa. Mama alikuwa ameambiwa na mtambo kwamba simu imehamishwa na Wanjira, na hakutaka.

Wanjira alitikisa kichwa. Akafungua sheria zake kwenye kompyuta. Pale palipoandikwa jina lake akalifuta, akaandika Debra. Akabonyeza tena.

Simu ikapokelewa kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Una simu iliyohamishwa na Debra," mtambo ukasema. "Taja jina lako, kisha useme, napokea."

"Debi wangu!" sauti ya mama ikajaa ofisi, nyororo, yenye furaha, sauti ambayo Wanjira alikuwa hajawahi kusikia ikielekezwa kwake. "Mama yuko hapa. Ngoja nivae miwani. Inataka niseme nini?"

Debra alielewa. Uso wake uligeuka majivu.

Wanjira alifunika kipaza sauti kwa kiganja, kidole cha mkono mwingine akakiweka juu ya kitufe cha kukata.

"Mimi Wanjira," alisema, "niliyempa Nyakio jina lake, natoa idhini." Kisha akamtazama dada yake. "Sasa wewe. Yeye alikuchagua, Debi. Niambie nikate. Sema tu neno moja, nikate, na sisi watatu tuende kwa Mwalimu leo hii, itoke, tuwe maskini pamoja. Sema."

Ile harufu ilikuwa imeanza kupanda. Nje wasichana wa hedfoni walikuwa wameongeza redio. Debra alimtazama Wanjira, akaitazama simu, midomo ikafunguka, ikakaa wazi, na kwenye spika mama alikuwa akihangaika na miwani yake na kujichekea, akisema hizi simu za siku hizi, na Debra akageuza macho kwenye kioo cha dirisha, kwenye dawati lake la mninga, kwenye picha ya watoto wake wakiwa na sare za shule, akatazama vyote hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kusema neno mara kumi, kisha akafunga mdomo. Akautazama mlango.

Wanjira aliondoa kiganja kwenye kipaza sauti. Aliondoa na kidole kwenye kitufe.

"Nyakio wa Wanjira," mama akasema kwa bidii, kama mtoto anayesoma darasani. "Napokea."

Kifua cha Wanjira kikawa chepesi ghafla, akavuta hewa safi ikaingia mpaka chini. Hapakuwa na udi. Hapakuwa na kitu. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kamili, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwapo kuiona.

Debra aliteleza ukutani hadi chini, mikono masikioni.

"Debra?" mama akauliza kwenye spika. "Debi, mbona hunijibu..." na hapo akakohoa, akavuta pumzi kama anayepanda ngazi, na sauti iliyomalizia ilikuwa ya mzee, "...mwanangu?"